Megapikseli 50 za aina gani? Kusoma sifa za simu kabla ya kuinunua

Chukua simu mbili ambazo maboksi yake yanasema mambo yaleyale: prosesa ya viini vinane, RAM ya GB 8, hifadhi ya GB 128, kamera ya megapikseli 50, betri ya mAh 5,000. Anayesoma namba tu ataona simu pacha, na kwa haki kabisa atachukua ile ya bei ya chini. Mwaka mmoja baadaye, moja bado inafungua programu papo hapo. Nyingine inaganda kila ukifungua picha, picha zake za usiku zina ukungu, na mfumo wake umebaki palepale ulipokuwa siku ilipotolewa kwenye boksi.

Hakuna namba iliyodanganya. Kilichokosekana ni neno linalopaswa kuifuata kila namba: viini vinane vya aina gani, GB 128 za teknolojia gani, megapikseli 50 juu ya kihisi, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, cha ukubwa gani. Namba huandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu yeyote anaweza kuona kwamba 8 ni zaidi ya 6. Neno huachwa kwenye jedwali la mwisho la tovuti, au haliandikwi kabisa, na pesa ya mnunuzi hupotelea hapo. Nimeketi na watu walionunua simu kwa kujinyima, simu ikawa nzito baada ya miezi michache, nao wakaamini kosa ni lao, kwamba wameijaza takataka au hawajui kuitumia. Hawakuwa na kosa. Hawakuambiwa neno la pili.

Prosesa: uliza jina, si idadi ya viini

Tunasema prosesa, lakini ndani ya simu kuna chipu moja iliyobeba karibu kila kitu: sehemu ya hesabu, sehemu ya michoro na michezo, sehemu ya kuchakata picha za kamera, na mara nyingi hata modemu inayowasiliana na minara. Ndiyo maana chipu dhaifu haiathiri kasi peke yake. Picha, muda wa betri na uwezo wa kushika mtandao navyo vinaitegemea.

Viini ni sehemu za chipu zinazoweza kufanya kazi sambamba. Mwaka 2011 kampuni ya ARM ya Uingereza, ambayo usanifu wake ndio msingi wa chipu za karibu simu zote, ilitangaza mpangilio wa kuchanganya viini vikubwa vyenye nguvu na viini vidogo vinavyobana umeme. Wazo lilikuwa zuri na bado linatumika: simu ikiwa mfukoni inapokea ujumbe, viini vidogo vinatosha, ukifungua mchezo au kamera, vikubwa vinaamka. Shida ilikuja kwenye boksi, ambako vyote huhesabiwa pamoja. Cortex-A55, kilichotoka mwaka 2017, ni kiini kidogo. Cortex-A78, cha mwaka 2020, ni kikubwa. Chipu yenye A55 nane ina viini vinane. Chipu yenye A78 viwili na A55 sita nayo ina viini vinane.

Tofauti yake utaihisi kwenye kidole. Kufungua programu, kuonyesha ukurasa wa wavuti, kuitikia mguso, yote haya hutegemea zaidi kiini kimoja au viwili vyenye nguvu kuliko wingi wa viini. Ukitaka gunia moja liinuliwe, vijana wanane wa kubeba vikapu hawatakusaidia. Unahitaji mmoja mwenye mgongo.

Kwa hiyo andika jina kamili la chipu, kisha utafute mtandaoni ilitoka mwaka gani na ina viini gani vikubwa. Majina yana mpangilio wake. Kwenye Snapdragon za Qualcomm, tarakimu ya kwanza huonyesha daraja, kuanzia 4 kwa simu za kawaida hadi 8 kwa zile za juu. MediaTek huita Dimensity chipu zake za 5G. Zile za Helio zinaishia 4G. Jihadhari pia na jina jipya lililovishwa chipu ileile. Helio G80 na Helio G85, kwa mfano, zote mbili zina viini vikubwa viwili vya A75 na vidogo sita vya A55, na zote zimetengenezwa kwa nanomita 12. Anayebadili simu kutoka moja kwenda nyingine kwa kufuata namba iliyopanda hatapata kasi aliyoitarajia.

Hizo nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita, nazo zina siri yake. Zamani zilipima kitu halisi ndani ya chipu. Leo ni jina la kizazi cha utengenezaji, na hakuna sehemu ya chipu ya nanomita 4 yenye urefu huo hasa. Hata hivyo jina hilo bado lina manufaa kwa mnunuzi: chipu ya nanomita 6 au 4 kwa kawaida hutoa joto kidogo na hunywa betri polepole kuliko ya 12. Joto ni jambo la kuzingatia, kwa sababu simu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike. Vipimo vya kasi vinavyotangazwa huwa ni vya dakika za kwanza. Baada ya nusu saa ya ramani kwenye jua, habari huwa nyingine.

RAM na hifadhi, mahali watu wanapoumia zaidi

RAM ni kumbukumbu ya muda. Programu iliyo wazi huishi humo. Ikijaa, mfumo huchagua programu ambayo hujaigusa kwa muda na kuifunga kimyakimya. Dalili yake unaijua: ulikuwa unajaza fomu kwenye kivinjari, ukatoka kidogo kusoma namba ya siri kwenye ujumbe, uliporudi ukurasa ukaanza upya na fomu ikawa tupu.

Siku hizi utakuta imeandikwa "GB 16", na chini yake kwa maandishi madogo "8+8". Nane ya pili si RAM. Ni sehemu ya hifadhi iliyokopwa ili mfumo uweke humo programu zilizolala. Inasaidia kidogo, lakini hifadhi ni polepole mara nyingi kuliko RAM, na kila ikitumiwa hivyo inaandikwa na kuchakaa. Soma namba ya kwanza tu, ya pili isikushawishi. Kwa maoni yangu, simu ya Android yenye RAM ya GB 4 leo inabana hata mtumiaji mpole, 6 inatosha kwa wengi, 8 inakupa nafasi ya miaka kadhaa. Usilinganishe hesabu hii na iPhone. Apple haitangazi kiasi cha RAM ya simu zake, na mfumo wake unaendesha kumbukumbu kwa namna tofauti, kwa hiyo GB zinazobana upande mmoja zinaweza kutosha upande wa pili.

Sasa hifadhi, na naomba utulie nami hapa, maana sifa hii haisemwi sana na ndiyo inayoamua kama simu itazeeka vibaya. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni eMMC, teknolojia ya zamani na rahisi, ambayo toleo lake la 5.1 lina kikomo cha kinadharia cha MB 400 kwa sekunde. Ya pili ni UFS. UFS 3.1, iliyotoka mwaka 2020, kikomo chake kinafika MB 2,900 kwa sekunde, na UFS 4.0 ya mwaka 2022 ni mara mbili ya hiyo. Ila kasi si tofauti pekee. eMMC ni kama daraja la njia moja: ama inasoma ama inaandika, haiwezi vyote kwa pamoja. UFS ina njia mbili.

Fikiria kinachotokea simu inapopakua sasisho la programu tano huku wewe unataka kufungua picha. Kupakua ni kuandika. Kufungua picha ni kusoma. Kwenye eMMC kazi hizo mbili zinangojeana, na unachoona wewe ni simu iliyoganda. Watu wengi hulaumu RAM kwa hali hii, hata wakanunua simu nyingine yenye RAM kubwa zaidi na eMMC ileile, wakarudia mateso yaleyale.

Hifadhi za aina zote mbili zina tabia nyingine: haziwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Lazima zifute kwanza, na hufuta kwa mafungu makubwa hata kama kilichobadilika ni kipande kidogo. Zikiwa na nafasi tupu, kazi hiyo hufanyika pembeni bila wewe kujua. Zikijaa, kila picha mpya inasubiri usafi ufanyike. Ndiyo sababu simu iliyobakiwa na MB mia chache huwa nzito ajabu, na ukifuta video kadhaa inapata nafuu. Acha walau sehemu moja ya kumi ikiwa wazi. Na unapohesabu, kumbuka GB 128 za kwenye boksi si zako zote, maana mfumo na programu zilizokuja na simu tayari zimechukua fungu lao kabla hujaweka hata picha moja.

Kadi ya kumbukumbu itakusaidia kwa picha, muziki na video. Haitageuza simu ya GB 64 kuwa ya GB 128, kwa kuwa programu nyingi na data zake hubaki kwenye hifadhi ya ndani. Tena kwenye simu nyingi kadi hiyo hukaa kwenye tundu la laini ya pili, kwa hiyo utalazimika kuchagua kati ya laini mbili na kadi.

Miaka ambayo haijaandikwa popote

Ningeruhusiwa kuongeza mstari mmoja kwenye kila boksi la simu duniani, ningeandika tarehe ambayo masasisho yatakoma.

Masasisho ni ya aina mbili. Yapo ya toleo la mfumo, yanayoleta sura na uwezo mpya. Bila hayo unaweza kuishi. Halafu vipo viraka vya usalama, vinavyoziba matundu yaliyogunduliwa. Tangu Agosti 2015 Google hutoa kila mwezi orodha ya matundu ya Android pamoja na viraka vyake. Orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu. Mhandisi anaisoma ili azibe, na mwizi anaisoma ili ajue pa kupita kwenye simu ambazo hazijazibwa. Simu iliyoachwa na mtengenezaji wake inabaki na milango ambayo ramani yake imeshachapishwa, na ndani yake kuna pesa zako, picha za watoto wako na mazungumzo yako yote.

Google hutoa kiraka, lakini kukifikisha kwenye simu yako ni kazi ya aliyeitengeneza. Hapo ndipo tofauti inapotokea. Pixel 8, simu ya Google yenyewe, ilipotoka Oktoba 2023 iliahidiwa miaka saba ya masasisho, na Samsung ikaahidi miaka saba kwa Galaxy S24 Januari 2024. Simu nyingi za bei ya chini huahidiwa miwili au mitatu, na nyingine haziahidiwi chochote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka masasisho ya mfumo yapatikane kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, na vipuri kwa miaka saba. Modeli ileile ikiuzwa kwingine duniani, sheria hiyo haimlindi mnunuzi wa huko, ila ni ishara nzuri kujua kwamba mtengenezaji ameshalazimika kuiandalia masasisho.

Kuna jambo moja hapa ambalo limewaponza hata watu makini. Kwa kawaida ahadi ya miaka huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, haihesabiwi tangu wewe ulipoinunua. Modeli iliyotoka miaka mitatu iliyopita ikiwa na ahadi ya miaka minne imebakiza mwaka mmoja, hata kama wewe ndiye uliyekata plastiki ya boksi. Kwa hiyo usilinganishe bei kwa bei. Gawanya bei kwa miaka iliyobaki. Mara nyingi simu iliyoonekana ghali hugeuka kuwa nafuu, na ile ya punguzo kubwa huonekana sababu ya punguzo lake.

Kamera: mwanga kwanza

Simu ya kwanza yenye kamera iliyotuma picha moja kwa moja na kuuzwa kwa umma kwa mafanikio ilikuwa Sharp J-SH04, nchini Japani mwaka 2000. Kihisi chake kilikuwa na pikseli laki moja na elfu kumi hivi, yaani megapikseli 0.11. Kutoka hapo, kuongezeka kwa megapikseli kulikuwa maendeleo ya kweli kwa miaka mingi, na ndiyo maana bado tunaziamini. Lakini tulishafika zinakotosha zamani.

Picha ni mwanga uliokusanywa. Kinachokusanya mwanga ni eneo la kihisi, na eneo hilo likikatwa vipande vingi, kila kipande, yaani pikseli, kinapata kidogo. Turudi kwa zile simu mbili. Samsung hutengeneza vihisi viwili vyenye megapikseli 50 kila kimoja, GN1 na JN1. Kwenye GN1 kila pikseli ina upana wa mikromita 1.2, kwenye JN1 ni 0.64. Piga hesabu ya eneo na utaona kwamba pikseli moja ya GN1 ni kubwa mara tatu na nusu. Mchana kweupe, picha zitafanana. Ndani ya nyumba jioni, mtoto akikimbia, mmoja atapata sura na mwingine atapata kivuli chenye chengachenga.

Ukubwa wa kihisi huandikwa kwa sehemu ya inchi, na hapo wengi hujikwaa, maana namba ya chini ikikua kihisi kinapungua. 1/1.3 ni kikubwa kuliko 1/2.76.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi. Simu ya megapikseli 50 kwa kawaida haikupi picha ya megapikseli 50. Inaunganisha pikseli nne kuwa moja ili ipate mwanga wa kutosha, na picha inatoka na megapikseli 12.5. Ya 108 huunganisha tisa, inatoa 12. Ya 200 huunganisha kumi na sita, inatoa 12.5. Njia tatu tofauti, na zote zinafika kwenye picha ya ukubwa uleule. Ukilinganisha simu kwa kuangalia 50, 108 na 200, unalinganisha kitu ambacho siku nyingi hutakitumia.

Angalia badala yake kama lenzi kuu ina utulivu wa kimakenika, ule unaoifanya lenzi yenyewe icheze kupingana na mtikisiko wa mkono. Gizani kamera huacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, na mkono wa binadamu hautulii. Usihesabu lenzi za nyuma. Kamera za megapikseli 2 zinazoitwa za vitu vya karibu au za kupima kina huwekwa mara nyingi ili idadi ifike tatu au nne. Lenzi moja nzuri pamoja na nyingine ya kupiga eneo pana inashinda lenzi nne za maonyesho.

Na programu ina sehemu yake kubwa. Simu haipigi picha moja, inapiga kadhaa haraka na kuziunganisha. Google ilionyesha mwaka 2018, kwa hali yake ya usiku, jinsi hesabu nzuri inavyoweza kuokoa kihisi kidogo. Hesabu hizohizo ndizo zinazoamua rangi ya ngozi itoke vipi. Kwa miaka mingi kamera zilirekebishwa kwa kupima ngozi nyeupe, na watu weusi wakatoka majivu au kivuli. Pixel 6 ya mwaka 2021 ilikuja na marekebisho yaliyofanywa mahususi kwa ngozi zenye weusi tofautitofauti, na wengine nao wamelifanyia kazi. Hakuna namba itakayokuambia simu fulani inakuonaje. Jipige picha nayo, ndani, bila taa kali, kisha utazame picha hiyo kwenye kioo cha simu nyingine.

Betri, kioo na mengineyo

mAh 5,000 ni ujazo tu. Itakaa saa ngapi ni suala la chipu, kioo na mtandao. Mtandao husahaulika: simu iliyo mbali na mnara hulazimika kurusha mawimbi kwa nguvu kubwa, na betri huisha hata kama hujaigusa. Linalofaa kuulizwa zaidi ni mizunguko. Mzunguko mmoja ni asilimia mia iliyotumika, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Zile kanuni za Ulaya zinataka betri ibaki na asilimia 80 ya ujazo wake baada ya mizunguko 800. Joto ndilo adui wake mkubwa, kwa hiyo usiichaji chini ya mto, na kama simu ina kipengele cha kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, kitumie siku ambazo huna safari.

Wati za chaji zinahitaji pande tatu kukubaliana: simu, chaja na waya. Simu ya wati 67 ukiipa chaja ya kampuni nyingine inaweza kushuka hadi wati chache, maana kila mtengenezaji ana lugha yake ya kasi. Kama una vifaa vingi, tafuta simu inayokubali mfumo wa pamoja wa USB Power Delivery. Umbo la tundu la USB-C halikuambii lolote kuhusu kasi. iPhone 15 ya kawaida ina tundu hilo, na bado inahamisha data kwa kasi ya USB 2.0.

Kioo cha OLED kina weusi wa kweli kwa kuwa pikseli nyeusi inazimika kabisa, na kinapendeza macho. LCD nzuri inakubalika, hasa kama inaonekana juani. Hz 120 hufanya kuteleza kwa kurasa kuwe laini, lakini kwenye chipu dhaifu ni pambo, kwa kuwa chipu haiwezi kuchora picha 120 kwa sekunde. Mwangaza wa kilele unaotangazwa kwa maelfu ya niti hupimwa kwenye kipande kidogo cha kioo kwa muda mfupi. Toka nje na simu, uisome juani. Kipimo hicho hakina ubishi.

IP68 ina maana kwamba vumbi haliingii na kwamba simu imepimwa kwenye maji zaidi ya mita moja, kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji mwenyewe. Yalikuwa maji yasiyo na chumvi, na simu ilikuwa mpya. Mpira wa kuziba huzeeka, na fundi akiifungua simu kubadilisha kioo, ulinzi huo usiutegemee tena.

Upande wa mtandao, neno "5G" au "4G" halitoshi bila masafa ya mawimbi ya redio ambayo simu inayapokea. Simu iliyotengenezwa kwa soko la bara lingine inaweza kukosa masafa ya mtandao unaoutumia, au ikashindwa kupiga simu kupitia 4G, na mtandao wa 3G ukizimwa, kama ulivyozimwa Marekani mwaka 2022, inabaki bila sauti. Simu nyingi za chini hupunguziwa pia vitu visivyoonekana: dira ya ndani, ambayo bila hiyo ramani haijui umeelekea wapi ukiwa umesimama, jairoskopu inayohisi simu inavyogeuzwa, na NFC ya kulipia kwa kugusisha.

Kuchagua sasa

Anza na siku yako. Ukisoma ujumbe, ukilipia vitu na kupiga simu za video, weka pesa kwenye UFS, RAM halisi ya GB 6 na miaka ya viraka; kamera ya kawaida itakutosha. Anayeishi kwa kurekodi video aanze na kihisi kikubwa, utulivu wa lenzi na GB 256. Dereva anayeshinda na ramani anahitaji chipu isiyopata moto, dira, na kioo kinachosomeka juani, kuliko anavyohitaji megapikseli. Anayemnunulia mzee wake asinunue ya chini kabisa kwa sababu "hatumii mambo mengi". Simu nzito humchosha zaidi mtu asiyeizoea, na wezi wa mtandaoni humtafuta yeye kwanza, kwa hiyo viraka vya usalama anavihitaji kuliko mjukuu wake.

Kati ya simu mpya ya daraja la chini na ya daraja la juu iliyotoka miaka miwili nyuma, mimi huchukua ya pili mara nyingi, mradi miaka ya masasisho haijaisha. Ikiwa imeshatumika, itazame hali ya betri, uhakikishe akaunti ya mmiliki wa kwanza imeondolewa, na uweke laini yako humo upige simu kabla hujatoa pesa.

Ukiwa umeishika mkononi, piga *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15; ilingane na iliyo kwenye boksi na iliyo ndani ya mipangilio. Kisha, kama ni Android, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, usome tarehe ya kiraka cha usalama. Unganisha intaneti na uiambie itafute sasisho. Kama tarehe hiyo imepita zaidi ya mwaka na simu inasema haina jipya la kupakua, ifungie tena kwenye boksi lake na uirudishe kaunta.